Merikebu Zilizopita Mbele ya Mfangano

Tarehe 17 Novemba 1869, mbele ya wafalme, mawaziri na mabalozi ambao Khedive Ismail wa Misri aliwaalika kwa gharama zisizo kifani, merikebu ya fakhari ya Empress Eugénie wa Ufaransa, iitwayo L'Aigle, iliongoza msafara mrefu wa vyombo kuingia katika mfereji wa Suez kutoka Port Said, na kwa siku ile Bahari ya Mediterania na Bahari ya Sham zikakutana katikati ya mchanga, kwa njia ya maji yenye urefu wa zaidi ya kilomita 160. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo kijana mmoja mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley, ambaye safari yake ilikuwa bado haijafika Unguja. Miaka mitano baadaye, tarehe ile ile ya 17 Novemba, katika mwaka wa 1874, mtu yule yule alitoka Bagamoyo kuelekea bara, na katika mizigo ya wapagazi wake ilikuwamo mashua ya mwerezi, Lady Alice, iliyogawanywa vipande ili ibebwe mabegani mwa watu mpaka Ziwa Nyanza. Mwezi wa Machi mwaka 1875 vipande vile viliunganishwa upande wa kusini wa ziwa, tanga likapandishwa, na mashua ikalizunguka ziwa zima kwa muda wa siku zipatazo sitini, ikipita katika mwambao huu wetu wa mashariki, mahali ambapo kisiwa cha Mfangano husimama majini mfano wa mlinzi mlangoni pa ghuba iendayo Kisumu.

Nimezitanguliza tarehe hizi mbili kwa makusudi, kwa sababu wengi wetu tuliolelewa na habari za ziwa hili tumezoea kuudhani mfereji wa Suez kuwa ni jambo la Misri na la Wazungu, lisilotuhusu ndewe wala sikio, ilhali karibu kila merikebu ya moshi iliyopata kupita mbele ya Mfangano iliundwa Uskoti, ikafumuliwa, ikafungwa makashani, na kuletwa kwa njia ile ya bahari mpaka Mombasa, kisha ikapanda milima na kushuka bondeni hata ikafika Kisumu. Safari ya anasa ambayo matajiri wa London waliisifu baina ya vita viwili vikuu, ya kupita Port Said, Adeni, Mombasa, na kumalizia kwa kulizunguka Ziwa Nyanza, ilikuwa ni safari moja iliyofuata mkondo mmoja, na kisiwa chetu kilikuwa kituo chake ambacho abiria walikitazama tu wasikikanyage.

Wasafiri wa kwanza wa maji haya, walakini, hawakupakia makasha. Mapokeo ya Abasuba, wenyeji wa visiwa hivi, husimulia kwamba wazee wao walitoka upande wa Buganda na Busoga, na wengi huifungamanisha hijra ile na fitina iliyofuata kuuawa kwa Kabaka Junju, ndipo wakavuka kwa mitumbwi wakiruka kutoka kisiwa hata kisiwa, mpaka wakatua Mfangano, Rusinga, Takawiri na mwambao wa Gwassi. Na hata wao walikuta dalili za waliowatangulia, maana katika pango la Mawanga na katika mwamba wa Kwitone zimo duara na miale iliyochorwa kwa rangi nyekundu na nyeupe, ambayo wenyeji huihesabu kuwa kazi ya Batwa, watu wafupi wa zamani. Atakaye kujua bandari ya kale ni nini, na aikumbuke michoro ile kabla hajaanza kuhesabu magati ya saruji.

Sasa nirejee kwenye chuma. Mfereji ulipofunguliwa, safari ya kutoka Uingereza kuja Unguja, ambayo zamani ililazimu kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa miezi, ilipungua ikawa ya majuma, na mwaka 1872 kampuni ya British India, iliyokuwa ya mfanyabiashara Mskoti William Mackinnon, ikaanza kuleta barua na abiria kutoka Adeni hata Unguja kila mwezi. Mackinnon huyu ndiye aliyeasisi kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, na kampuni hiyo ikaagiza kiundwe chombo kidogo cha mvuke kwa ajili ya Ziwa Nyanza. Waundaji wake, Bow, McLachlan wa Paisley, walikamilisha kazi mwaka 1890, lakini kampuni ilikuwa ikifilisika. Na vipande vya chombo kile vilipofika Mombasa baadaye, reli ilikuwa haijajengwa hata maili moja ya maana, ikawa hapana budi vibebwe na watu.

Napenda msomaji akae kidogo na jambo hili, kwa kuwa vitabu vya wasafiri hulipita mbio. Merikebu ilikatwa katika mizigo midogo midogo ambayo kila mmoja uliweza kuwekwa juu ya kichwa cha mtu mmoja au kuchukuliwa na wawili, nayo mizigo ile ikatawanyika katika njia ya misafara kutoka Mombasa, kupita nyika ya Taru isiyo na maji, mpaka Bonde la Ufa na ng'ambo yake. Mingine ilitupwa, mingine ikapotea, mingine ikakaa miaka porini ikila kutu, na waliobeba, watu wa pwani na watu wa bara, hawakuandikwa majina. Ile iliyosalimika na ile iliyoagizwa upya ilikusanywa Kisumu, na mwaka 1900 chombo kikashushwa majini kwa jina la William Mackinnon, miaka saba tangu Mackinnon mwenyewe alipofariki. Kilikuwa chombo cha tani zisizofika mia, tanuri lake likila kuni zilizokatwa katika mwambao huu huu, na kilipotoka ghubani kwa mara ya kwanza kwenda Entebbe, kikapita katika mlango ulio baina ya Rusinga na Uyoma, moshi wake bila shaka ulionekana kutoka kilele cha Kwitutu, ambacho kwa urefu wa mita 1,694 hukitawala kisiwa cha Mfangano na maji yote ya pande zake.

Reli, iliyoanza Mombasa mwaka 1896, iliwasili ukingoni mwa ziwa tarehe 20 Desemba 1901, na Florence, mke wa fundi Ronald Preston, ndiye aliyegonga msumari wa mwisho. Kwa jina lake mahali pale pakaitwa Port Florence kwa muda, kabla jina la Kisumu halijashinda, na nafurahi kwamba lilishinda. Makuli wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi ile, na 2,498 kati yao walifia hapa. Baada ya hapo mizigo haikubebwa tena kichwani, na merikebu zikafuatana: Winifred na Sybil, dada wawili, kisha Clement Hill iliyopewa jina la mkuu wa idara ya Afrika katika wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, kisha Nyanza ya shehena, na hatimaye, katika miaka ya kuelekea vita na mwanzo wake, Usoga na Rusinga, zenye takriban tani 1,300 kila moja. Zote zilitoka Paisley.

Anasa ya kweli ilianza na Clement Hill. Mwaka 1907 Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni na umri wake haujatimia miaka 33, alipanda merikebu hiyo Kisumu kwenda Entebbe, na katika kitabu chake My African Journey, kilichotoka mwaka uliofuata, aliisifu starehe yake kwa mastaajabu ya mtu aliyetarajia mtumbwi akapewa kasri. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Desemba 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani mwaka ule ule, akavuka kwa merikebu hiyo hiyo. Waungwana hawa walikaa sitahani juu ya viti virefu, katika ziwa lililo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, wakihudumiwa chai na chakula cha mezani, wakaviona visiwa vya mlango wa ghuba vikitokea na kutoweka. Na hapana lawama kwao kwa kutoshuka, maana hapakuwa na gati la kushukia. Daraja zilikuwa tatu kama za reli: Mzungu alilala chumbani, Mhindi katika daraja la pili, na Mwafrika alijitandikia mkeka wake sitahani baina ya magunia na kuku, akipigwa na mvua pamoja na shehena.

Lakini katika miaka ile ile ya starehe, mauti yalikuwa yakilizunguka ziwa. Ugonjwa wa malale, uliozuka Busoga karibu na mwaka 1900, uliua watu zaidi ya laki mbili katika Uganda peke yake, ukateremka mwambao wa Kavirondo na visiwa vyake. Mwaka 1903 David Bruce alithibitisha kule Entebbe kwamba mbung'o ndiye mchukuzi wake, na serikali ya Uganda ikawahamisha watu wa visiwani na mwambaoni kwa amri. Abiria wa Clement Hill alipitishwa mbele ya fukwe zilizonyamaa, akaziandika kuwa mandhari nzuri. Sisemi kwamba hakuwa na moyo, kwa kuwa Churchill mwenyewe aliandika kurasa za huzuni juu ya maradhi yale. Nasema tu kwamba uzuri ule aliouona ulikuwa umefanywa, kwa sehemu yake, na misiba.

Vita vya 1914 vikazifanya merikebu za starehe kuwa manowari. Mwezi wa Septemba mwaka ule askari wa Kijerumani walivuka mpaka, wakaishika Karungu, ambayo sasa imo katika kaunti ya Migori, wakapanda mpaka Kisii, na tarehe 12 Septemba pakawa na mapigano makali huko. Winifred ilitumwa Karungu na wanajeshi, ikakutana na chombo kidogo cha Wajerumani, Muansa, kilichokuwa na mzinga ambao Winifred haikuwa nao, ikalazimika kurudi nyuma; iliporejea ilikuwa imeandamana na merikebu nyingine, Kavirondo, nazo zimevishwa silaha. Mwezi wa Novemba Sybil ilipanda mwamba upande wa Wajerumani, ikakaa huko mpaka ilipookolewa mwezi wa Mei 1915, na mwezi uliofuata msafara wa merikebu ulitoka Kisumu na askari kwenda kuipiga Bukoba. Kwa jinsi ilivyokuwa, merikebu zilizopewa majina ya nchi na visiwa vyetu, Usoga na Rusinga, zilianza maisha yake kwa kubeba bunduki, na vijana wa Nyanza waliotwaliwa kuwa wapagazi wa vita walifuata nyuma kwa maelfu, wengi wasirejee.

Amani ikarudi, na baina ya vita na vita safari ya ziwa ikafikia kilele chake. Shirika la reli lilimwezesha mtalii kushuka Kilindini, ambako magati ya maji marefu yalifunguliwa katika miaka ya 1920, kulala garini hata Kisumu, kulizunguka ziwa kwa kupitia Musoma, Mwanza, Bukoba, Entebbe, Port Bell na Jinja, au, kama alitaka, kuendelea kwa mto Naili: kutoka Ziwa Kioga hata Butiaba, kuvuka Ziwa Albert kwa merikebu ya Robert Coryndon iliyoanza kazi mwaka 1930, kisha Nimule, Juba, Khartoum, na hatimaye Kairo, karibu na mlango ule ule wa Suez alikopita akija. Duara kamili! Mtu aliyeingia Afrika kwa maji ya chumvi alitoka kwa maji matamu, nayo maji yale matamu yalikuwa yamepita mbele ya Mfangano kabla ya kumbeba.

Hata hivyo mbegu ya kudhoofika ilikuwa imekwisha pandwa, maana mwaka 1931 reli ilifika Kampala moja kwa moja, na mzigo wa Uganda, uliokuwa riziki ya merikebu, haukuwa tena na haja ya kuteremshwa Kisumu. Zikabaki pamba, ngozi, samli na karanga za bandari ndogo ndogo: Kendu Bay, Homa Bay, Karungu, Mohuru. Bandari hizi hazimo katika vitabu vya waungwana, lakini kwa watu wetu ndizo zilizokuwa Port Said na Adeni. Hapo ndipo mama aliposubiri barua ya mwanawe aliyeajiriwa Mombasa, na hapo ndipo mfanyabiashara wa Kihindi, fundi wa pwani na mvuvi wa Kisuba walipojifunza kuzungumza Kiswahili kimoja.

Katika miaka ya 1950 palitokea jambo ambalo huniridhisha kila nilikumbukapo. British India ilizindua meli mbili mpya za abiria, Kenya mwaka 1951 na Uganda mwaka 1952, zilizokuja London hata Mombasa kwa njia ya Suez na kuendelea Unguja, Dar es Salaam na Beira. Nazo Usoga na Rusinga zilikuwa bado zikizunguka ziwani, hata Mwafrika aliyetazama ratiba alikuta majina ya kwao yakitembea katika maji yote mawili. Mwaka 1961 ikaja Victoria, iliyoundwa na Yarrow wa Glasgow, ikaletwa vipande vipande kama nyanya zake na kuunganishwa Kisumu. Kwa kasi yake muda wa kulizunguka ziwa ulipungua nusu. Hiyo ndiyo merikebu ya mwisho ya fakhari tuliyoletewa.

Kisha milango ikafungwa, mmoja baada ya mwingine. Mwezi wa Juni 1967 vita vya Waarabu na Israeli viliufunga mfereji wa Suez, nao haukufunguliwa mpaka mwaka 1975. Meli zilirudi kuizunguka Rasi, ndege ilikuwa imekwisha wachukua abiria, na mwaka 1969 meli ya Kenya ikaondolewa katika kazi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa kwa miaka, merikebu zikagawanywa kama mirathi ya ndugu waliogombana, na Victoria ikaangukia Tanzania. Usoga ilitiwa gatini Kisumu ikaanza kuzama polepole pale ilipofungwa.

Na mlango wa tatu uliofungwa ulikuwa wetu wenyewe. Baina ya Rusinga na bara, mahali paitwapo Mbita, palikuwa na mkondo mwembamba wa maji ambao mashua na majahazi ya ghubani yaliutumia kukata njia kuelekea Mfangano na Karungu bila ya kuizunguka Rusinga nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mkondo ule ulijazwa mawe na udongo, ikawa tuta la kupitisha magari, na haja ya barabara ilikuwa ya haki, maana watu wa Rusinga walistahili kufika hospitali na sokoni kwa miguu mikavu. Lakini maji nayo yana haki yake. Upande wa ndani yalituama, gugumaji lilipoingia ziwani katika miaka ya 1990 likapata mahali pa kutulia, wavuvi wakalalamika, na chombo kilichotoka Homa Bay kwenda Mfangano kikalazimika kupita mbali. Huko Misri watu walichimba miaka kumi ili maji yapite. Huku kwetu maji yaliyopita tangu zamani yalizibwa, wakazi wakasubiri zaidi ya miaka thelathini, hata mwaka 2017 daraja lilipofunguliwa na maji yakarudi kupita chini yake.

Leo Mfangano hufikiwa kwa mashua za injini na vivuko vinavyotoka Mbita, na kisiwani, ambako makao yake ni Sena, jumba la makumbusho la Abasuba huwapokea wageni waendao kuiona michoro ya Kwitone. Wako pia watalii wa anasa, wanaoletwa kwa ndege ndogo kutoka Maasai Mara kuvua sangara na kulala usiku mmoja au miwili, nao ni wageni wetu, karibu kwao. Tanzania imeifufua Victoria ikarudi kazini baina ya Mwanza na Bukoba mwaka 2020. Kenya imetengeneza upya bandari ya Kisumu, ikaifufua merikebu ya Uhuru kwa mafuta na shehena, na hilo nalo ni jema. Ila merikebu ya abiria yenye vyumba, yenye ratiba inayoaminika, itokayo Kisumu jioni na kutia nanga Kendu Bay, Homa Bay, Mbita, Mfangano, Karungu na Mohuru, haipo.

Kwa hiyo naleta ombi langu kwa wenye mamlaka ya Homa Bay, Migori na Kisumu, na kwa wale wenye kushika reli na bandari: undeni merikebu hiyo, na iundwe Kisumu, ambako mafundi wa kiwanda cha meli wamekuwa wakiunganisha vyombo tangu mwaka 1900. Ijengewe gati la kina cha kutosha pale Sena, na abiria wa Mfangano apewe kitanda ndani yake.